Jirani Anayeishi Chini ya Mto

Kila kiangazi, sisi tunaolima kwenye miteremko ya Mlima Meru huulizana kama maji yatatosha, na kila mmoja hujibu kwa kutazama mfereji wake. Lakini mito ya Themi na Nduruma haiishii mashambani mwetu. Huingia Kikuletwa, hupita bwawa la Nyumba ya Mungu, kisha kwa jina la Pangani hufika Bahari ya Hindi.

Wataalamu wa maji wana chombo cha kupima mto kinachofungwa kwenye mashua. Mashua ikivuka toka ukingo hadi ukingo, chombo hupeleka majini sauti tusiyoweza kuisikia. Sauti hugonga chembe za udongo zinazochukuliwa na maji, hurudi ikiwa imebadilika, na badiliko hilo huonyesha kasi. Kwa kina, upana na kasi hujulikana mita za ujazo zinazopita kila sekunde. Mita moja ya ujazo ni lita 1,000.

Nabii Amosi alipodai haki, aliifananisha na mto usiokauka. Jirani tunayeketi naye ibadani ni rahisi kumkumbuka. Yule wa tambarare, anayengoja maji tuliyoyaacha, hatumwoni. Kipimo hutuletea habari zake. Kwa hiyo, wapendwa, tunapopanga zamu za mfereji, tuombe, kisha tuulize mtoni yamebaki kiasi gani. Kumpenda jirani ni pamoja na kumhesabia fungu lake.