Nilimuuzia Nikijua

Mwezi wa nane mwaka 2024 nilimuuzia kijana mmoja nyumba ambayo nilijua fika kwamba inaingia maji. Sikumwambia. Aliponiuliza kwa nini nauza, nilimjibu kwamba mume wangu amehamishiwa Dodoma kikazi. Mume wangu hajahamishiwa popote. Kijana huyo ana habari kwamba naandika haya, na ameniruhusu kwa sharti moja, kwamba nisiutaje mtaa, kwa kuwa bado anaishi pale na hapendi kunyooshewa kidole. Basi nitasema tu kwamba ni huko mbele ya Tegeta, kaskazini mwa Dar es Salaam.

Kabla ya kumuuzia, mimi mwenyewe niliuziwa. Tulinunua mwishoni mwa mwaka 2022. Wakazi wa Dar watakumbuka hali ilivyokuwa: vuli ilisuasua, Mto Ruvu ukapungua, jiji likaingia kwenye mgao wa maji. Madumu yalipangwa foleni hadi usiku wa manane. Wakati huo hakuna aliyekuwa anawaza mafuriko. Swali nililomuuliza dalali kuhusu maji lilikuwa moja tu: je, jirani kuna kisima?

Tulikuwa tumepanga vyumba viwili Manzese, na mwenye nyumba alikuwa anataka kodi ya mwaka mzima kwa mkupuo. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi. Nikachukua mkopo wa mshahara, ule unaokatwa kabla pesa haijakufikia mkononi, na nitaendelea kukatwa hadi nikaribie kustaafu. Dalali akatupeleka kwenye boma la vyumba vitatu na sebule. Lenta ilikuwa imeshapigwa, ilibaki kupaua. Bei milioni kumi na nane pamoja na kiwanja, ishirini kwa ishirini. Boma la namna hiyo kule mlimani, Goba au Salasala, nisingeligusa kwa pesa ile hata kwa kubembeleza. Bei yenyewe ilipaswa kunishtua. Badala yake nilimshukuru Mungu kwa kunifungulia mlango, na nikamhimiza mume wangu tulipe haraka asije akatokea mwingine.

Dalili zilikuwepo, na niliziona, na hili ndilo linaloniuma. Nyuma ya boma kulikuwa na matete mabichi, katika mwaka ambao nyasi za jiji zima zilikuwa zimekauka. Majirani walilima magimbi. Kozi tatu za chini za ukuta zilikuwa na rangi nyeusi kuliko za juu, na weusi ule uliishia kwenye mstari ulionyooka kuzunguka vyumba vyote. Nilipitisha kidole juu ya mstari ule. Fundi aliyefuatana nasi, ambaye dalali ndiye aliyemleta, akasema ni unyevu wa tofali na utakwisha tukishapiga plasta. Na nyumba mbili tatu za jirani zilikuwa zimejengewa kizingiti mlangoni, tofali mbili kwenda juu, kiasi kwamba mtu hainui mguu bali anapanda. Nilipouliza, dalali alisema ni za kuzuia kuku. Mimi nimefuga kuku. Najua hawazuiliwi na tofali mbili.

Kulikuwa na mama aliyekuwa anakaanga vitumbua kwenye kona ya kuingilia. Tulinunua, tukala tumesimama. Akaniuliza, "Mama, mmeshawahi kuja huku wakati wa masika?" Nikamwambia hapana. Akanyamaza, akageuza vitumbua vyake. Nilielewa kwamba analo la kusema. Nikamlipa, nikaondoka upesi kabla hajalisema, maana nilishaipenda nyumba na sikutaka mtu anitoe katika raha ile.

Ofisi ya serikali ya mtaa ilitugongea muhuri kwenye karatasi ya mauziano siku hiyo hiyo, tukatoa asilimia tuliyoambiwa ni ya kawaida. Muhuri ule ulinipa usingizi. Sikwenda manispaa kuomba nionyeshwe mchoro wa mipango miji, kuona kama eneo lile limepangwa kuwa makazi, au eneo la wazi, au njia ya maji. Kiwanja kilikuwa hakijapimwa, na nilijiambia kwamba nusu ya Dar imejengwa hivyo hivyo na watu wanaishi.

Kuna jambo jingine lililonipumbaza, na nalitaja kwa aibu. Desemba 2011, mafuriko yalipowakumba watu wa bonde la Msimbazi, wengine wakahamishiwa Mabwepande, mimi nilikuwa miongoni mwa waliosema wamejitakia. Nilisema hivyo mbele ya walimu wenzangu, na nilisema tena miaka iliyofuata nyumba za mabondeni zilipobomolewa. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 niliijua, ile inayokataza kujenga ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto. Kwa akili yangu mafuriko yalikuwa ya Jangwani na Mkwajuni, ya watu waliosogelea mto kwa ubishi. Pale nilipokuwa nanunua hapakuwa na mto wa kuonekana. Sikujua kwamba sehemu nzima ile imelala chini kidogo kuliko barabara, udongo wake ni mfinyanzi, na mvua ikinyesha vilimani maji yanateremka na kutuama hapo kwa kukosa pa kutokea. Zamani yalikuwa na mkondo wake. Watu wamejenga juu ya mkondo huo, na kila ukuta mpya wa uzio unayasukuma kwa jirani.

Tukapaua, tukahamia. Masika ya 2023 uwanja ulilowa, ukakauka, nikajiona mshindi. Mwezi wa nane mwaka ule Mamlaka ya Hali ya Hewa ikatangaza kwamba vuli itakuja na El Niño. Niliisikia habari hiyo redioni nikiwa jikoni, na mwili ukanisisimka, kwa sababu ule mstari ukutani ulinijia machoni, ingawa ulishafunikwa na plasta.

Maji hayakuingia mlangoni kama nilivyokuwa nikiyaona kwenye taarifa ya habari. Yalianzia chooni. Shimo lilikuwa limeshajaa kutoka chini ardhini, kwa hiyo kilichokuwa shimoni kikarudi ndani polepole, kikapita ukumbini, kikaingia chumba cha watoto. Yale ya mlangoni yalifuata baadaye. Mama mkwe wangu, ambaye magoti yake hayampandishi ngazi, alikuwa amekaa juu ya meza akisoma uradi kwa sauti. Vijana wa mtaa walikuja bila kuitwa. Walimlaza juu ya mlango waliokuwa wameung'oa kwenye banda, wakambeba mabegani hadi kwenye madarasa ya shule ya jirani. Mama wa vitumbua alikuwa tayari yuko kule, amebandika chai kwa ajili ya kila mtu. Hakuniuliza kitu. Alinipa kikombe.

Ni katika madarasa yale ndipo nilipoufahamu mtaa wangu. Wote walikuwa wanajua. Aliyetuuzia alikuwa amenunua kutoka kwa mtu aliyeacha ujenzi njiani baada ya kuona maji. Nyumba nyingi pale zinauzwa, ila haziwekwi kibao. Zinauzwa kimyakimya wakati wa jua. Mwenye nyumba akimwonya mgeni anayetafuta kununua, ameishusha bei ya nyumba yake mwenyewe na ya kila jirani. Kwa hiyo wanakaa kimya, na si kwamba ni watu wabaya, maana hao hao ndio waliombeba mama mkwe wangu. Wana watoto, wana mikopo kama wangu, na kila mmoja anasubiri zamu yake ya kuondoka. Leo mtu akiniomba ushauri humwambia asimuulize mwenye nyumba, amuulize mpangaji. Mpangaji hana cha kuuza. Atakuambia maji yalifika wapi, atakuonyesha hata kabati lililovimba miguu.

Tukaondoka, tukapanga tena. Kodi huku, makato ya mkopo kule. Masika ya 2024 nyumba iliingia maji kwa mara nyingine. Yalipokauka, nikampigia dalali. Alikuwa yule yule.

Sasa nije kwenye lile hasa ninaloliungama. Kununua vile kulikuwa ni uzembe na tamaa, na adhabu yake niliipata mwenyewe. Kuuza nilikaa nikapanga. Plasta ilikuwa imechora mstari mwingine wa kahawia, kimo cha swichi ya taa. Tuliupiga rangi ya maji, baada ya siku chache ukajitokeza. Tukapiga tena, ukajitokeza tena. Fundi rangi akashauri tupake rangi ya mafuta nusu ya chini ya ukuta, rangi ya udongo, na juu tupake krimu, kama madarasa yanavyopakwa. Mstari ukafunikwa kabisa. Nilisimama sebuleni nikauangalia ukuta ule, nikafurahi. Nikafyeka matete. Choo tukakivuta, tukamwaga dawa. Nikasubiri mwezi wa nane, jua kali, vumbi barabarani, nikasema watu waje.

Alikuja kijana fundi makochi, kazi yake iko Keko, na mkewe alikuwa mjamzito. Aligonga gonga kuta kwa vidole kama mtu anayejua vitu vilivyojengwa vizuri na vilivyojengwa vibaya. Alinisifia rangi. Akaniuliza, "Mwalimu, mtaa una watu wazuri?" Nikamwambia wazuri sana, na hilo lilikuwa kweli, na nililisema kwa moyo wote ili ule ukweli mmoja ubebe uongo mwingine wote. Aliniamini kwa sababu ni mwalimu. Alilitamka neno hilo kila alipozungumza nami. Alinilipa milioni ishirini, sehemu yake ikiwa noti zilizofungwa kwa mpira, akiba ya chama cha mkewe.

Tulipokuwa tunatoka, mama wa vitumbua alikuwa pale kwenye kona. Alinitazama, nikamsalimia kwa sauti kubwa, nikapita.

Masika iliyofuata kijana yule akanipigia simu. Alisema maji yamesimama uwanjani na yanakaribia mlango, na mtoto ana miezi michache. Hakunigombeza. Aliuliza kwa adabu kabisa, "Mwalimu, nyie mliwahi kuyaona humu ndani?"

Nikasema hapana. Nikasema labda mwaka huu mvua zimezidi.

Nilipokata simu nilibaki nimekaa kwenye benchi la ofisi ya walimu hadi kengele ikapigwa na sikuisikia. Mara ya kwanza nilimdanganya mnunuzi. Safari hii nilimdanganya baba aliyetaka kujua kama amtoe mtoto wake ndani usiku ule au amwache alale. Jibu la kweli lingemchukua dakika moja kulielewa, nami nilikuwa nalo. Baada ya kipindi nilimpigia tena nikamwambia amtoe. Nikamwambia yatatokea chooni kwanza. Alikaa kimya muda mrefu kwenye simu, kisha akasema, "Kumbe ulijua."

Nyumbani sikupata amani. Mume wangu alisema biashara ni biashara, sisi pia tuliuziwa hivyo hivyo na hakuna aliyeturudishia. Sikuwa na jibu la kumshinda, isipokuwa kwamba aliyetuuzia hakutujua, na mimi nilikuwa nimeshamshika mkono mke wa yule kijana nikimwonyesha chumba cha mtoto. Nilikwenda kumuuliza mwanasheria katika ofisi ya msaada wa kisheria. Alinieleza kwamba chini ya Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, makubaliano yaliyopatikana kwa kumdanganya mtu, anayeweza kuyatengua ni yule aliyedanganywa. Kwa hiyo uamuzi haukuwa wangu. Nikamwandikia kijana kila kitu kwenye karatasi, mstari ukutani, rangi ya mafuta, Dodoma, mgao wa maji wa 2022, yote, nikaisaini, nikampelekea mkononi ili awe na ushahidi wa kunishtaki akitaka.

Hakunishtaki. Alisema anataka pesa yake, milioni ishirini kamili, na nyumba nibaki nayo. Sina milioni ishirini. Tulikwenda mbele ya mtendaji tukaandikishana kwamba nitalipa kidogo kidogo, naye ataendelea kukaa bila kodi hadi apate kiwanja kingine, na mvua zikianza mkewe na mtoto wanakwenda kwa dada yake Mbagala. Gharama ya kuwahamisha ni yangu. Mume wangu alitia saini pia, mwishoni, bila kusema neno.

Watu wawili wameshanipigia kuulizia ile nyumba kupitia kwa dalali yule yule, ambaye hajakoma. Wote niliwaeleza maji yanafika wapi. Mmoja alikata simu. Mwingine alisema atanipa milioni nane kwa sababu anahitaji mahali pa kuweka mbao tu, na bado tunazungumza; akinunua, zote zitakwenda Keko.

Kijana nimemlipa milioni sita hadi sasa. Nikimtumia pesa kwenye simu hunijibu neno moja, "Imefika." Haniiti tena mwalimu, na sijamwomba anisamehe. Nitamwomba nikimaliza deni.