Kocha Naye Aitwe Jukwaani

Hapa Witeithie tuko kati ya Juja na Thika, na wanafunzi wa vyuo ni majirani zetu. Mmoja wao, mwanariadha, alirudi nyumbani muhula uliopita akiwa na medali shingoni. Babake aliipima mkononi, kisha akauliza, "Hii italipa karo?" Kijana akanyamaza.

Mzee, swali lako ni la haki. Lakini kumbuka Peter Rono. Mbio ndizo zilizomfikisha katika chuo cha Mount St. Mary's, Marekani. Mwaka wa 1988, akiwa bado mwanafunzi mwenye umri wa miaka 21, alishinda dhahabu ya mita 1,500 katika Olimpiki za Seoul.

Nyuma yake alikuwako mwalimu. Brother Colm O'Connell alitoka Ireland mwaka wa 1976 kuja kufundisha jiografia katika shule ya St Patrick's, Iten. Hakuwa amesomea riadha. Alijifunza kwa kuwatazama vijana wakikimbia. Miaka mingi baadaye alimnoa David Rudisha, aliyevunja rekodi ya dunia ya mita 800 jijini London mwaka wa 2012.

Chanda chema huvikwa pete, naam. Lakini aliyekilea chanda hicho je? Siku ya tuzo mwanafunzi hushangiliwa, huku aliyemwamsha alfajiri ameketi nyuma akilinda mikoba. Jina lake nalo lisomwe. Nasi wazazi tufike, tupige makofi. Hayo hayahitaji karo.