Mke Mkubwa wa Jiwe

Magharibi mwa Kenya kuna mawe mawili ambayo watu hufunga safari kwenda kuyatazama, na yote mawili ni wanawake.

La kwanza liko Ilesi, kando ya barabara ya Kisumu kwenda Kakamega. Ni mwamba mrefu wenye jiwe la duara juu yake, kama kichwa juu ya mabega, na maji hutiririka katikati yake yakaacha mfereji. Wenyewe husema ni msichana. Alimpenda mwanamume ambaye babake hakumtaka, akatoka nyumbani kumfuata, babake akamlaani, akageuka jiwe. Tangu siku hiyo analia. Kisa hiki nimekisikia tangu utotoni, karibu kila mara ndani ya matatu, na kila msimulizi alipofika mwisho aliwageukia wasichana waliokuwa karibu.

La pili ni Kit Mikayi, huko Seme, karibu kilomita 30 kutoka Kisumu ukishika barabara ya Bondo. Hapa miamba imepandana hadi mita 40 hivi. Kwa Kijaluo jina lake maana yake ni jiwe la mke wa kwanza, na hilo ndilo lililonipeleka. Nasomea shahada ya uzamili katika fasihi simulizi, na tasnifu yangu inahusu visa vinavyoeleza asili ya mahali. Darasani tumezoea kuuliza kila kisa kinamfaa nani. Cha Ilesi hakinisumbui: kinawafaa akina baba. Cha Kit Mikayi kimenishinda kukijibu haraka hivyo.

Nilifika siku ya kazi, watalii wachache. Waumini wa Legio Maria walikuwa wakiimba katika uwazi baina ya miamba, maana kwao hapa ni mahali pa sala. Kijana aliyenitembeza alinionyesha miamba kwa majina ya wake katika boma la Mjaluo: Mikayi, aliye mkubwa kuliko wote, kisha Nyachira, kisha Reru. Halafu akanisimulia habari za Mzee Ngeso.

Ngeso alilipenda jiwe. Kila akiamka alikwenda akaingia pangoni, akashinda humo hadi jioni. Mkewe alimpelekea chakula cha asubuhi na cha mchana. Watu walipomuuliza mzee yuko wapi, alijibu kwamba amekwenda kwa mke wake wa kwanza. Basi jiwe likabaki na jina hilo.

"Mzee alipagawa kabisa, dada," kijana akasema, akacheka. Nami nilicheka.

Lakini nilipokuwa nikishuka nilikuwa namfikiria huyo mwenye chakula. Katika masimulizi niliyorekodi, Ngeso ana jina, jiwe lina jina, yeye hana. Na bado ni yeye aliyepaita mahali hapa jina tunalolitumia hadi leo. Sidhani alikuwa akitoa maelezo. Nasikia mtu aliyechoka kuulizwa swali moja, akaamua kulijibu kwa mzaha. Ila mzaha huo ulimgharimu: kwa kuliita jiwe mke wa kwanza, alijishusha mwenyewe akawa wa pili.

Mzaha wa namna hiyo naujua. Mama yangu ni bi mkubwa. Baba ana nyumba ya pili upande wa pili wa mji, na nilipokuwa mdogo alikuwa akienda huko Alhamisi na kurudi Jumapili. Mgeni akimuulizia, Mama alisema, "Amekwenda Hija." Wageni walicheka, na sisi watoto tulicheka kwa kuwa wageni wamecheka. Mama mwenyewe alikuwa ameshainuka kwenda kuweka chai.

Kutoka Seme nilirudi Kisumu, nikapanda gari la Kakamega, tukapita Ilesi jua likizama, nikafika kwetu Mumias usiku. Mama alikuwa anachambua mchele wa kesho. Nilimsimulia habari za Ngeso jinsi nilivyosimuliwa, na kicheko pale pale kilipokuwa.

Hakucheka. Aliokota kijiwe kwenye ungo, akakitupa mlangoni.

"Chakula alipeleka kila siku?"

"Kila siku, Mama. Asubuhi na mchana."

"Na kule pangoni kupanda?"

"Kupanda."

"Sasa yeye alikuwa akila saa ngapi?"

Nilirudia rekodi yote usiku ule. Hakuna mahali panaposema. Katika daftari langu, chini ya masimulizi ya yule kijana, nimeliandika swali la Mama bila kulitenga kama maoni ya msikilizaji. Nimeliweka ndani ya kisa, mara tu baada ya chakula cha mchana.