Wewe Unayebaki Nyumbani

Kama wewe ni bibi ya mchimbaji, unajua saa ya bwana yako. Akiingia kazi ya usiku, asubuhi utasikia viatu vyake mlangoni. Bibi ya askari hana saa kama hiyo. Bwana anapata amri leo, kesho anapanda kamyo ao ndege, na siku ya kurudi haikuandikwa popote. Wako waliotumwa Kivu ya Kaskazini na Ituri mwaka 2021, wakati serikali ilipoweka majimbo yale mawili chini ya utawala wa kijeshi. Watoto waliowaacha mgongoni mwa mama wamekwisha kuingia shule.

Katika miji yetu ya Katanga, bibi ya askari na bibi ya mchimbaji wanakutana soko moja na wanaimba katika kwaya moja. Kwa hiyo neno hili si la watu wa kambi peke yao.

Mimi mwenyewe ni mtoto wa kambi. Baba yangu alikuwa askari wa FAZ, jeshi la inchi yetu wakati wa Zaire. Mwaka 1991, mwezi wa tisa, askari ambao mshahara wao haukutosha hata kununua unga walianza kupora Kinshasa, na moto ule ukafika miji mingine mpaka Lubumbashi. Nilikuwa na miaka tisa. Baba alikuwa ametumwa mbali. Jioni moja watu wawili wakaleta kwetu mashini ya kushona, mpya kabisa, wakasema: "Mama, hii ni sehemu ya bwana yako." Mama alikuwa anashona nguo za watu kwa mkono ili tupate bukari. Alitazama mashini ile muda kidogo, kisha akajibu: "Kitu yenye hakunitumia yeye mwenyewe, miye siipokei." Wakacheka, wakaenda nayo.

Nyuma ya siku zile watu wengi walichukia askari, na sisi watoto wao tulitukanwa njiani. Lakini majirani waliona kwamba hakuna kitu cha mtu kilichoingia katika nyumba yetu. Mama alipita sokoni kichwa juu, na hakuna aliyemwambia neno.

Ndiyo sababu nasema: kujivunia bwana aliye askari ni vizuri, lakini heshima ile haitoki katika nguo ya jeshi. Inatoka katika namna anavyoifanya kazi yake, na wewe unayebaki unailinda nusu yake. Yohana Mbatizaji hakuwafukuza askari waliomwuliza wafanye nini. Aliwaambia wasinyang'anye watu, na watoshewe na mshahara wao. Bwana yako akikuletea kitu, uliza kimetoka wapi. Ukikikataa kitu cha wizi, unamsaidia kubaki askari wa kweli, na hapo unaweza kusema mbele ya watu wote: "Bwana yangu analinda inchi."

Tena soma 1 Samweli sura ya 30. Askari mia mbili wa Daudi walichoka, wakabaki kijitoni pamoja na vyombo. Wengine walipotoka vitani hawakutaka kuwagawia kitu. Daudi akakataa maneno yale. Akaweka sheria kwamba anayebaki kulinda vyombo na anayeshuka vitani watapata sehemu sawa. Mama, wewe unalinda vyombo. Kazi yako imehesabiwa.

Sasa tuongee mambo ya nyumbani.

Kwanza ni feza. Zamani mshahara wa askari ulipita mikononi mwa wakubwa wake, na mara nyingi ulimfikia umepunguka. Tangu 2005 washauri wa Umoja wa Ulaya walisaidia kuhesabu askari na kutenga njia ya mshahara na njia ya amri. Kisha 2011 serikali ikaanza kulipa watu wake kupitia banki. Ni jambo jema, lakini banki haijui bibi, inajua mwenye karta. Kwa hiyo mbele bwana hajaondoka, kaeni chini mukubaliane: karta itabaki na nani, ao atatuma kiasi gani kwa telefone, na siku gani. Tena nendeni kuandikisha ndoa kwa serikali. Wengi wetu tumelipa mahari, tumebarikiwa kanisani, tukaishia pale. Siku ya shida mama anaulizwa karatasi, hana. Fanyeni kazi hiyo wakati mko wawili.

Pili, andika. Mwaka 1996 vita ilipoanza Kivu, baba alitumwa kule, na telefone haikuwepo. Mama alinunua kaye, akaandika yote: deni, masomo, magonjwa, jino la mdogo wangu lililotoka, mguu wangu niliouvunja. Baba alirudi 1997 amekonda, na jeshi lake halikuwepo tena. Alisoma kaye ile jioni tatu. Kisha akaniita akasema: "Onyesha ule mguu." Nilijua kwamba baba amerudi nyumbani kweli. Leo telefone iko, lakini yeye aliye mbele ya adui hawezi kushika maneno yote ya dakika mbili. Mwambie yaliyo ya lazima, mengine yaandike yamngojee.

Tatu, linda masikio. Mwezi wa kwanza 2025 M23 walipochukua Goma, na mwezi wa pili Bukavu, telefone nyingi zilinyamaza. Katika kanisa letu wamama wawili walikaa majuma mengi bila kusikia sauti ya bwana zao, na wakati ule watu walikuwa wanatumiana picha za maiti, kila mmoja anasema: "Huyu si wa kwetu?" Msomaji, picha kama hiyo usiitume kwa mtu. Na wewe mama, uliza kwa wakubwa wa kikosi chake, mchana, ukiongozana na mtu mmoja unayemwamini. Mmoja wa wale wamama alipata habari njema. Mwingine angali anangoja, nasi tunangoja pamoja naye. Hatumwambii "jikaze" kila siku. Tunamletea makala, na tunampa nafasi ya kulia.

Ine, siku ya kurudi. Nyumba ilizoea kuongozwa na mtu mmoja, na sasa wako wawili. Bwana pengine hatalala vizuri, pengine atanyamaza, ao atakasirika kwa mlango uliopigwa na upepo. Mpe siku. Na wewe bwana unayesoma, usifike na kutoa amri kama kwa kikosi. Uliza kwanza nyumba imetembea namna gani, na umshukuru bibi yako mbele ya watoto.

Wazee wa kanisa, ninyi mnajua nyumba ambamo baba hayupo. Kama paa inavuja, pandeni mutengeneze, lakini muende wawili, na mchana, ili mama asitiwe katika masengenyo. Na tarehe 17 Mei, siku ya majeshi yetu, mukiwakumbuka askari katika maombi, waiteni na bibi zao wasimame. Watajeni kwa majina, mmoja mmoja, na watoto wao wasikie.

Mungu awalinde walio mbali, na awape usingizi mnaobaki. Amina.