Katuni Iliyonionyesha Damu ya Ndugu Yangu

Ndugu msomaji, ukitaka kujua uchungu wa kukariri, muulize mwanafunzi wa Bayolojia. Himoglobini, asidi amino, jeni, kromosomu! Maneno hayo huingia kwa sikio hili na kutokea kwa lile, na siku ya mtihani unabaki ukitazama dari kama aliyepotelewa na mbuzi. Sisemi walimu wetu hawafunzi, la hasha! Wanafunza mpaka chaki inaisha. Shida ni kwamba mambo yenyewe hayaonekani kwa macho, na mchoro wa ubaoni haujui kusonga.

Likizo iliyopita, nyumbani Ogwedhi, nilipewa simu ya dada yangu ikiwa na bando kidogo. (Humu shuleni simu ni haramu, kwa hivyo mwalimu wa zamu asianze kunitafuta.) Nilikuwa nikitafuta habari za selimundu, ugonjwa ambao wengi wetu huuita sikoseli. Kilichonisukuma si mtihani. Ndugu yangu mdogo, mwenye umri wa miaka tisa, anaugua ugonjwa huo. Usiku wa baridi hulia kwa maumivu ya mifupa hadi jogoo wawike. Majirani nao wana maelezo yao: wengine husema amerogwa, wengine hutaja chira. Na lawama, kama kawaida, humwangukia mama.

Nikapata katuni fupi ya TED-Ed. Ilikuwa ya Kiingereza, lakini picha hazihitaji kamusi. Ndani ya kila seli nyekundu mna himoglobini milioni 270 hivi, zikibeba oksijeni kama matatu ibebavyo abiria. Katika damu ya kawaida abiria wakishuka gari huenda zake. Katika damu ya selimundu, asidi amino moja tu imebadilika: katika mnyororo uitwao beta, mahali pa sita, glutamiki imeondoka na valini imekalia kiti chake. Moja kati ya 146! Basi himoglobini hizo zikishusha oksijeni hushikamana, zikawa nyuzi ndefu ngumu, na nyuzi hizo huikunja seli mpaka ifanane na mundu. Seli ya duara hujipinda ikapenya mshipa mwembamba. Ile ya mundu hukwama, na za nyuma yake zikakwama pia, kama magari yaliyozuiwa na lori lililozama matopeni wakati wa masika. Sehemu ya mbele hukosa oksijeni, na hapo ndipo maumivu huanzia. Tena seli ya kawaida huishi siku 120 hivi, lakini ya mundu huishi siku 10 hadi 20 tu. Waama, nilielewa kwa nini damu ya ndugu yangu haitoshi kamwe. Kitabuni seli hiyo imesimama tu, kama picha ya kitambulisho.

Nikatafuta nyingine. Kuna filamu ya taasisi ya HHMI ya Marekani, yenye michoro inayosonga, juu ya daktari Anthony Allison. Mtu huyu alizaliwa Afrika Kusini akalelewa hapa Kenya. Mwaka wa 1949 alikuja na msafara wa Chuo Kikuu cha Oxford, akapima damu za watu wa makabila mbalimbali. Aligundua kwamba wenye jeni ya selimundu ni wengi karibu na Ziwa Viktoria na pwani, lakini nyanda za juu ni wachache mno. Kwa nini? Mbu! Mwaka wa 1954 alichapisha ushahidi kwamba mwenye jeni moja tu hupata kinga dhidi ya malaria. Yaani habari hii ni yetu sisi watu wa Ziwa, nami nimeletewa na Mmarekani!

Katuni hizi zina kasoro, nisiwadanganye. Zinakimbia kama mwizi, na usipokuwa na daftari utacheka, utafurahi, kisha usikumbuke kitu. Na kwa Kiswahili? Ubongo Kids, inayotengenezwa Dar es Salaam tangu mwaka wa 2014, ndugu yangu anaipenda kweli, lakini ni ya watoto. Laiti wangetuchorea na sisi wakubwa hiyo himoglobini!

Jioni moja nilimwita mama jikoni tutazame, nikawa nikimfasiria kwa Kidholuo. Baba alikuja akasimama mlangoni. Nilieleza kwamba ili mtoto augue, ni lazima arithi jeni mbili, moja kwa mama na moja kwa baba. Wazazi wote wakiwa na jeni moja moja, kila mimba ina nafasi moja kati ya nne ya kuleta mtoto mgonjwa.

"Kwa hivyo si mimi peke yangu?" mama aliuliza.

"Si wewe peke yako, mama. Nusu ni yako, nusu ni ya baba."

Baba hakusema neno. Alivuta kiti, akaketi, kisha akaniambia, "Hebu rudisha pale mwanzo." Tuliitazama mara tatu, bando likaisha.

Ndugu yangu naye aliokota lake. Kliniki walimwambia zamani kwamba anywe maji mengi, lakini amri bila sababu humchosha mtoto. Sasa anajua kwamba mwili ukikaukiwa, seli zake hujikunja upesi. Amejitengea jagi lake la plastiki, na ole wako ukilinywea! Kila asubuhi, hadi siku niliyofunga sanduku kurudi shuleni, alikuwa akilimaliza nusu, anapangusa mdomo, kisha ananiuliza, "Leo magari yanapita?"