Kalamu Ilikuwa Mkononi Mwangu

Akina mama wenzangu, jambo hili nimelikalia kimya miaka mingi. Leo nalieleza kwa sababu naamini wapo wengine wenu waliowahi kusimama mahali niliposimama mimi.

Ilikuwa Jumapili, tarehe 25 Oktoba 2015. Nilitoka zamu ya usiku nikapita stendi ya Msamvu, mabasi ya Dodoma na Iringa yakipiga honi kama siku zote, nikafika nyumbani na kuwakuta wamekwisha rudi misa ya kwanza. Mama mkwe alikuwa ameketi kibarazani na kitenge chake kipya, kadi ya mpiga kura ameifunga kwenye ncha ya kanga. Hakutaka hata chai. "Tutachelewa, mwanangu," aliniambia, na mimi hata sare sijavua.

Mama huyu alikuwa Mluguru wa Matombo, kwa watu ambao ardhi hufuata ukoo wa mama, na kuamriwa hakuzoea. Alikuja kukaa nasi kwa sababu ya mtoto wa jicho. Jicho moja lilikuwa limekwisha, na la pili likiona mwanga tu. Hiyo kadi tuliipata kwa taabu. Wakati wa kuandikisha kwa mashine za BVR, kifaa kilikataa vidole vyake mara kadhaa, maana jembe lilikuwa limevilainisha hata alama hazionekani. Alivifuta kwenye kanga, akaweka tena, akafuta, akaweka, mpaka mashine ikakubali.

Basi tukaenda wote: mume wangu, mimi, mama, na binti yetu wa miaka kumi na mitatu aliyemshika bibi yake mkono. Njiani mume wangu alikuwa akimkumbusha mama yake jina fulani na mahali picha yake ilipo kwenye karatasi. Mama aliitikia "ee, ee" tu. Wagombea urais walikuwa wanane, na kati yao mwanamke mmoja, Anna Mghwira.

Kituoni mstari ulikuwa mrefu, lakini wazee, wajawazito na wenye watoto wachanga walipitishwa mbele. Msimamizi alipoona hali ya macho ya mama, akamwambia kwamba sheria inamruhusu kuingia na mtu anayemwamini yeye mwenyewe. Mume wangu akasogea. Mama akanyoosha mkono wake hewani, akapapasa, akasema, "Nataka mkwe wangu."

Nilimwona mume wangu uso ukibadilika. Lakini mbele za watu angesema nini?

Tukaingia kwenye kituturi, wawili tumebanana, na zile karatasi tatu: ya rais, ya mbunge na ya diwani. Mama akaninong'oneza jina la anayemtaka awe rais. Halikuwa lile alilofundishwa njiani. Wala halikuwa langu.

Niwaambie ukweli. Kalamu ilikuwa mkononi mwangu na yeye haoni. Nilisema moyoni: mama huyu amesikia mambo haya redioni tu, mimi ndiye ninayeijua wodi inapokosa dawa, ninayejua nani atatufaa. Sisi wauguzi tuna ugonjwa huo. Tunamwamulia mgonjwa kwa kuwa tunajua, na tunaita huruma. Alama moja ya vema mahali pengine, nani angejua? Sijui nilisimama muda gani. Mkono ulikuwa umekwisha sogea.

"Niwekee kidole changu hapo," mama akasema.

Sidhani kama alinishuku. Alitaka tu kugusa. Nikakishika kile kidole chake kilicholainika, nikakiweka juu ya picha ya mtu wake, na pembeni yake nikaweka alama, kwenye kisanduku cha mtu huyo huyo. "Umeweka?" Nikajibu, "Nimeweka, mama." Jasho lilikuwa linanitoka. Kwa mbunge hakusita. Kwa diwani aliniuliza ni akina nani, nikamsomea majina yote, akamchagua yule aliyewahi kumwona kwenye msiba wa jirani. Nimesikia sababu mbaya zaidi ya hiyo.

Usiku mume wangu akauliza, "Mama kampigia nani?"

"Kura ni ya mama," nikamjibu. "Muulize mwenyewe."

"Mimi ni mumeo."

Nikamkumbusha kwamba ya wagonjwa wangu pia hajawahi kuyasikia kwangu. Akageukia ukutani. Siku tatu alikula bila kuzungumza, na mimi nilizunguka nyumba yangu kama mgeni. Nadhani kilichomuuma zaidi ni kwamba hata kura yangu mimi hakuijua. Baadaye niliposikia TAMWA wakieleza kuwa huko Zanzibar wanawake zaidi ya arobaini walipewa talaka kwa ajili ya kura ya mwaka ule, nilinyamaza nikamshukuru Mungu kwamba kwangu uliishia ukuta.

Alhamisi tarehe 29 Tume ikatangaza kwamba John Magufuli ameshinda kwa asilimia 58.46. Redio ilikuwa imewekwa katikati ya sebule. Kuna aliyefurahi na kuna aliyeinama, sitasema nani. Mama alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza kama mboga imeiva. Mume wangu akacheka, na tukaanza kusemezana tena.

Mama alifariki miaka mitatu baadaye. Mume wangu hajaniuliza tena, nami sijamwambia. Binti yetu alipopiga kura yake ya kwanza mwaka 2020, alirudi na wino kidoleni, akanifuata jikoni kwa furaha. "Mama, nikwambie nimempa nani?"

Nikampa kisu na vitunguu, nikamwambia anisaidie kumenya.