Mpangaji Si Mgeni

Wazee husema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Ni methali njema, na katika nchi ya Wabena haihitaji ufafanuzi. Lakini haimhusu mpangaji. Mpangaji hapewi jembe, wala hali kwa mwenyeji wake. Siku ya tatu bado yumo chumbani kwa haki ya fedha yake. Mtu huyu aliletwa kwetu na mshahara. Makambako, ambako reli ya TAZARA iliyokamilika mwaka 1975 hukutana na barabara kuu ya kwenda Zambia, biashara ya vyumba imekwisha kujifanyia desturi zake. Hapa Matembwe wapangaji ni waalimu, wauguzi, mafundi na wanafunzi, na desturi hizo bado ni changa. Ndiyo maana magomvi yetu ni machungu: twagombana kama jamaa.

Chanzo chake aghalabu si uchoyo bali haya. Mwenye nyumba huona aibu kumtajia mwalimu masharti. Mwalimu naye huona kwamba kuomba karatasi ni kumtuhumu mzee aliyempokea kwa mikono miwili. "Tutaelewana tu, mwalimu," husema mzee. Maneno hayo matatu yamevunja ujirani mwingi kuliko wizi wa kuku.

Nakumbuka shauri la mwalimu mwenzangu mmoja. Alipanga vyumba viwili vyenye sakafu ya udongo. Kwa ruhusa ya mdomo alinunua saruji, akamlipa fundi, sakafu ikapigwa. Mwaka haukwisha, kijana wa mwenye nyumba akataka kuoa, na vyumba vikatakiwa. Mwalimu akadai fedha zake. Mzee akajibu kwamba yeye hakumwomba mtu saruji. Kila mmoja alikuwa na haki machoni pake. Sakafu haibebwi kichwani ikahamishwa, wala mzee hakuwa na fedha kabla ya kuvuna viazi. Wazee wa kitongoji walikaa jioni moja, ulanzi ukiwa pembeni wala si katikati, wakahesabu mifuko ya saruji, mchanga na ujira wa fundi, kisha wakaigawa jumla kwa kodi ya mwezi. Ikatoka miezi mitano. Mwalimu akakaa miezi mitano bila kulipa, bwana arusi akajistiri kwa mjomba wake, na siku ya kuhama mzee mwenyewe alimbebea mwalimu godoro. Hesabu ile ingaliweza kufanywa kabla ya mfuko wa kwanza kufunguliwa.

Taifa letu limelitazama jambo hili kwa macho mbalimbali. Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilimkataza kiongozi kuwa na nyumba ya kupangisha, kwa kuwa kodi ilihesabiwa kuwa jasho la mwingine. Mwaka 1971 Serikali ilitwaa majengo yenye thamani ya shilingi 100,000 na zaidi, yakawekwa chini ya Msajili wa Majumba. Sheria ya kudhibiti kodi ya nyumba ya mwaka 1984 ilifutwa mwaka 2005. Tangu hapo bei ni mapatano, na mapatano yasiyosemwa ni hatari kwa aliye mnyonge zaidi.

Hata hivyo mnyonge hakuachwa mtupu. Kwa Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999, upangaji usiozidi mwaka mmoja waweza kufanywa kwa mdomo, nao una nguvu. Anayelipa mwezi kwa mwezi hastahili kuondolewa kwa taarifa pungufu ya mwezi. Na mwenye nyumba anayepangisha sehemu tu ya jengo ndiye mwenye wajibu wa kutunza paa na kuta kuu. Bati likivuja, mpangaji wa chumba kimoja hana sababu ya kupanda juu na misumari. Yakishindikana nyumbani lipo Baraza la Kata, ambalo tangu mwaka 2021 kazi yake ni kusuluhisha tu, na baada yake Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya.

Liko jambo moja la huku kwetu ambalo sheria haikulitaja. Mwezi Juni na Julai baridi huuma, na mpangaji huingiza jiko la mkaa chumbani. Mwenye nyumba hulalamikia dari jeusi. Mimi nalalamikia zaidi hewa ya mkaa, ambayo haina harufu wala rangi na huua watu usingizini. Wanafunzi waliopanga vyumba, ambavyo wao huviita geto, ndio walio hatarini zaidi, maana hakuna mkubwa wa kuwagongea mlango. Mzazi anayemlipia mtoto chumba aulize kuhusu dirisha kabla ya kuuliza bei, na kama ni binti, aulize kuhusu komeo na nani mwingine ana ufunguo.

Mama ninayepanga kwake nami huandika ukurasa mmoja kila Januari, nakala mbili. Kodi na tarehe yake. Nani hununua umeme na kwa zamu gani. Choo kisafishwe lini. Mgeni wangu aweza kulala siku ngapi. Mara ya kwanza alicheka, akaniuliza kama nimekuja kupanga au kumshitaki. Sasa ndiye anayeikumbuka kalamu. Januari hii aliongeza mstari wake mwenyewe, nami nikautia sahihi: kuku wake wakiingia chumbani kwangu kwa kuwa mlango niliuacha wazi, nisimdai chochote kwa mahindi watakayokula.